Maji moto hayaondoi mafuta kwenye bomba
Katika nyumba nyingi Kisumu, samaki aina ya mbuta akishakaangwa, mafuta yaliyobaki humwagwa kwenye sinki na kusukumwa kwa maji moto, kwa imani kwamba yatakwenda zake. Hayaendi mbali. Maji hayo hupoa njiani, ndani ya bomba lililofukiwa, na mafuta huganda kandokando. Hapo hunasa magamba, punje za wali na povu la sabuni, njia ikizidi kuwa nyembamba. Ikiziba kabisa, maji taka hurudi na kuibukia tundu lililo chini zaidi, mara nyingi la bafuni, kisha lawama zinamwangukia aliyetoka kuoga! Acha mafuta yapoe, yatie kwenye mkebe mkuukuu, na karai lipanguse kwa gazeti kabla ya kuliosha. Dawa kali za kuzibulia zinaweza kuharibu bomba, sembuse macho.