Si kweli kwamba kila jiko la kontena lina sumu

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Arusha, eti chakula kilichopikwa kwenye jiko lililotengenezwa ndani ya kontena la meli kina sumu kwa sababu chuma chake kinatoa kemikali. Si kweli. Hofu imetokana na sakafu: mbao za makontena mengi ya meli hutiwa dawa ya wadudu. Fundi makini huzing'oa au huzifunika kabisa, na rangi ya zamani huiondoa.

Unaweza kukagua. Mlangoni kuna kibati. Mara nyingi, baada ya herufi IM, huandikwa dawa iliyotiwa kwenye mbao na tarehe. Kisha muulize mwenye jiko sakafu aliifanyaje. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Unawakosesha mama lishe wateja bila sababu.