Nguvu zinazovuta bila kugusa: tunayoyasikia na yaliyo kweli

Mvua ikikatika Arusha, mitaroni hubaki mistari ya mchanga mweusi. Mtoto akipitisha juu yake sumaku iliyong'olewa kwenye spika mbovu, chembe huruka na kuning'inia kama ndevu. Ni magnetaiti, madini yenye chuma kutoka miamba ya volkano. Zimerukaje kabla ya kuguswa? Majibu ya mtaani ni mengi.

"Hewa ndiyo inayobeba mvuto." Hapana. Satelaiti nyingi ndogo hujigeuza kwa kutumia usumaku wa dunia, huko ambako hewa karibu haipo. Wazo lililotatua fumbo lilijengwa na mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday katika karne ya 19: sumaku hubadilisha hali ya nafasi inayoizunguka, yaani hujenga uga, na chembe huitikia uga wa pale pale ilipo. Hata Newton, aliyetupa kanuni ya mvutano wa sayari, aliona ni upuuzi kitu kivute kingine bila chochote kati yao.

"Basi mvuto hufika papo hapo." Nao hapana. Badiliko la uga husafiri kwa kasi ya mwanga, takribani kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukigeuza sumaku Moshi, habari hufika Arusha, kama kilomita 70 kwa mstari ulionyooka, baada ya sekunde 0.00023 hivi. (Kuipima hiyo habari ni kazi nyingine. Umbali ukiongezeka maradufu, uga wa sumaku ndogo hupungua mara nane.)

"Kitana kilichosuguliwa kwenye nywele kinageuka sumaku." Hili limeenea kuliko yote, ingawa daktari Mwingereza William Gilbert alitenganisha mvuto wa sumaku na ule wa vitu vilivyosuguliwa tangu 1600. Kitana kimepata chaji ya umeme (ziko za aina mbili, chanya na hasi), kwa kuwa elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji hasi, zimehama wakati wa kusugua. Huo ni umemetuli. Karatasi haina chaji ya ziada, ila kitana kikisogea, chaji zake hujipanga upya: zile za aina tofauti na ya kitana husogea upande wa karibu, na upande huo huvutwa zaidi kuliko ule wa mbali unavyosukumwa. Sumaku haiwezi kuokota karatasi hiyo. Chaji hudumu zaidi hewa ikiwa kavu, ndiyo maana sweta la mtumba hutoa cheche wakati wa kiangazi.

"Bangili ya sumaku huvuta chuma cha damu." Okoa hela yako. Chuma kilichomo kwenye damu hakina tabia ya msumari. Damu yenye oksijeni hata husukumwa na sumaku, kidogo mno.

"Funika kioo, kinavuta radi." Kioo hakivuti. Wingu lenye chaji hupanga upya chaji za ardhini kutoka umbali wa kilomita kadhaa, na hatari zaidi huwa kwa kilichochomoza: mti ulio peke yake, mlingoti, mtu aliyesimama kwenye kigongo cha mlima. Ukiwa Meru au Kilimanjaro nywele zikaanza kusimama, ni uga wenyewe huo unaokugusa. Shuka mara moja, usijifiche chini ya mti na usilale chini.