Moto wa betri na moto wa swichi kwenye redio ya gari

Redio inayokuja na Toyota ya zamani kutoka Japani hushika FM kuanzia 76 mpaka 90 MHz, wakati vituo vya FM vya Tanzania viko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana Corolla au Carina ikifika Tabora, redio huwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kubadilishwa. Kazi yenyewe si ngumu, ila huharibikia kwenye nyaya mbili za moto. Redio inafungwa, inapiga vizuri, kisha vituo vinafutika kila gari likizimwa, au gari likikaa wiki moja bila kutembea halitaki kuwaka.

Moto wa betri, ambao wengine huuita moto wa moja kwa moja, hutoka kwenye betri kupitia fyuzi bila kupita kwenye swichi ya ufunguo. Upo saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Kwenye redio mpya huingia kwa waya wa njano, na ndio unaotunza saa na vituo ulivyohifadhi. Ndio pia unaobeba umeme wote wa kuendesha spika, kwa hiyo usiuunge kwa waya mwembamba kama uzi.

Moto wa swichi huja pale tu ufunguo unapofika kwenye ACC, yaani hatua ya ufunguo inayowasha redio kabla ya injini. Huingia kwa waya mwekundu. Wenyewe haubebi mzigo wa maana: unaiambia redio iamke au ilale.

Ukizibadilisha hizo mbili, redio itapiga, lakini kumbukumbu itapotea kila ukizima gari. Ukiziunga zote kwenye moto wa betri, redio haipati amri ya kulala, na hili ndilo kosa la hasara zaidi. Redio iliyolala sawasawa hunyonya miliampea chache tu. Ukipima gari limezimwa ukakuta redio inanyonya miliampea 200, piga hesabu: ni ampea-saa (Ah) 4.8 kwa siku, karibu 34 kwa wiki. Betri ya gari ya saizi ya NS60 ikijaa ina Ah 45 tu.

Sasa mtego wenyewe. Rangi za njano na nyekundu ni za redio, si za gari. Kwenye soketi ya Toyota nyingi za zamani, moto wa betri ni waya wa bluu wenye mstari wa njano, moto wa swichi ni wa kijivu, na hasi ni wa kahawia. Nyekundu na nyeupe ni spika ya nyuma kulia. Nyeusi na njano ni ya nyuma kushoto. Anayeunga nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi anaunga nyaya za moto na hasi za redio kwenye spika.

Kwa hiyo pima. Chomoa redio ya zamani, weka multimita kwenye DC 200V, ncha nyeusi ishike chuma cha bodi kisicho na rangi. Ufunguo ukiwa nje na taa zimezimwa, waya unaoonyesha takriban volti 12.6 ni moto wa betri. Zungusha ufunguo hadi ACC: waya mwingine unaopata moto sasa ndio moto wa swichi. Kisha washa taa ndogo. Waya wa tatu utaamka, kwa kawaida wa kijani, ambao ni wa kuangaza vitufe. Ukiukosea huo ukadhani ni ACC, redio itapiga usiku tu.

Multimita ikionyesha volti 24, acha kila kitu. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli za soko la Japani zina betri mbili na mfumo wa volti 24. Redio ya volti 12 inaweza kuungua papo hapo. Zinahitaji kifaa cha kushusha umeme hadi 12. Kuchukua moto kwenye betri moja kati ya zile mbili si dawa, maana moja huchoka na nyingine huchajiwa kupita kiasi.

Hasi ya redio, waya mweusi, iende kwenye bodi. Hasi za spika zisiguse bodi kamwe: redio za sasa hutoa umeme pande zote mbili za spika, na upande mmoja ukigusa chuma, amplifaya ya ndani inaweza kufa.

Kabla ya kuunga, fungua hasi ya betri. Usikate soketi ya kiwandani. Nunua soketi ya kubadilishia ya Toyota yenye pini 10 na 6, uunge nyaya upande wa redio tu. Kusokota waya na kuzungushia tepu hakudumu kwa barabara za vumbi za Kaliua au Kasulu: gari likiachwa juani gundi ya tepu inayeyuka, na mtikisiko unamalizia kazi. Choma kwa risasi, vika mpira unaosinyaa kwa joto. Fyuzi iliyo nyuma ya redio, kwa kawaida ya ampea 10 au 15, ikikatika weka ya namba ileile. Ikikatika tena, tafuta waya unaogusa bodi kabla hujaweka ya tatu.