*#21# haikuambii kama simu yako imedukuliwa

Ukiwa Dodoma, iwe sokoni Majengo au kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, mtu akihisi simu yake inachunguzwa huambiwa: "Piga *#21#, utaona." Si kweli, na inaniuma, maana mwenye hofu ya haki huishia hapo.

Msimbo huo huuliza mtandao jambo moja tu: je, simu zote zinazopigwa kwenye namba hii zinaelekezwa kwingine? Hauoni programu yoyote iliyo ndani ya simu. Mwenzake, *#62#, huonyesha simu zinakopelekwa ukiwa umezima au hupatikani. Mara nyingi ile namba ngeni inayotokea ni ya ujumbe wa sauti wa kampuni yako ya simu. Watu wameiona wakakosa usingizi bure.

Anayekuchungulia kwa mbali kwa kawaida hupitia programu au akaunti yako. Fungua mipangilio, tazama programu zilizopewa ruhusa ya ufikivu (Accessibility, inayoiwezesha programu kusoma kilicho kwenye kioo) na zile za usimamizi wa kifaa. Ukikuta AnyDesk au TeamViewer, programu za kuona au kuendesha simu kutoka mbali, na hukuiweka wewe, jiulize nani aliishika simu yako. (Kama unamhofia mtu wa nyumbani, tafuta msaada kwanza, kwani ukiifuta atajua.) Kwenye WhatsApp, kagua vifaa vilivyounganishwa. Kuanzia Android 12, alama ya kijani juu ya kioo humaanisha kamera au maikrofoni inatumika wakati huo.

Betri kuisha haraka peke yake si ushahidi; huenda imechoka tu.