Je, wajua kwa nini terminali hukataa nywila yako ya GitHub hata ikiwa sahihi?

Umeandika `git push` kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, ili utume msimbo wako kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu. Terminali imeuliza jina, kisha imeuliza `Password`, nawe ukaweka nywila ileile unayoingilia kwenye kivinjari kila siku. Jibu linalorudi ni kwamba nywila haikubaliwi kwa kazi za Git, na chini yake `Authentication failed`. GitHub iliondoa uthibitishaji huo tarehe 13 Agosti 2021. Wengi hapo hukimbilia kubadilisha nywila. Haisaidii, kwa sababu nywila haikuwa na kosa lolote.

Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo ambayo Linus Torvalds alianza kuiandika Aprili 2005 kwa ajili ya Linux, haina akaunti za watumiaji. Jina na barua pepe unazoweka kwa `git config` ni saini tu inayobandikwa kwenye kila rekodi ya mabadiliko. Unaweza kuandika jina la jirani na Git isikuulize. Wakati wa kutuma msimbo kwa HTTPS, Git huomba jina na siri, huvipeleka kwa seva, na seva ndiyo inayoamua. Seva za GitHub zimeacha kupokea nywila mahali hapo, ila swali la `Password` limebaki vilevile kwa kuwa linaulizwa na Git, si na GitHub. Mkanganyiko wote umezaliwa hapo. Kinachotakiwa kuwekwa ni tokeni, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaotolewa na GitHub kutumika badala ya nywila. Na usishtuke herufi zisipoonekana unapobandika: terminali huficha kila kinachoandikwa kwenye swali hilo.

Kwa nini nywila ilikataliwa? Nywila hufungua kila kitu: barua pepe ya akaunti, repo zote (hifadhi za miradi yako), hata kitufe cha kufuta akaunti yenyewe. Haiwezi kupewa mipaka. Pia swali la Git halina nafasi ya kuweka ile namba ya uthibitisho wa hatua mbili, kwa hiyo aliyeiba nywila angepita mlango wa nyuma. Tokeni inaweza kupewa ruhusa chache na tarehe ya kuisha, na ukiifuta hulazimiki kugusa nywila. Utaitambua kwa mwanzo wake: `ghp_` au `github_pat_` kwa uliyoitengeneza mwenyewe, `gho_` kwa iliyotolewa kupitia programu.

Unaweza kutengeneza tokeni kwa mkono kwenye mipangilio ya akaunti, lakini njia yenye usumbufu mdogo ni `gh`, programu ya terminali ya GitHub wenyewe iliyofikia toleo 1.0 Septemba 2020. Kwenye Windows huwekwa kwa `winget install --id GitHub.cli`, kwenye Mac kwa `brew install gh`. Kwenye Ubuntu `sudo apt install gh` hufanya kazi, ila toleo la humo mara nyingi huwa nyuma.

Kisha andika `gh auth login`. Utaulizwa unatumia GitHub.com au seva ya kampuni, halafu itifaki: chagua HTTPS kama huna sababu ya kutaka SSH, njia nyingine ya kuunganisha inayotumia jozi ya funguo badala ya tokeni. Swali linalofuata ndilo muhimu: je, Git nayo itumie utambulisho huu? Jibu ndiyo. Ukijibu hapana, `gh` itafanya kazi na `git push` itaendelea kukataa, na utadhani umerogwa. Ukiwa umeshakosea, `gh auth setup-git` hurekebisha. Mwisho hutolewa namba ya herufi nane, nne kwa nne, unayoiandika kwenye github.com/login/device. Si lazima kivinjari kiwe kwenye kompyuta hiyohiyo. Simu inatosha, jambo linalofaa sana ukiwa umeingia kwenye seva isiyo na skrini.

Hakikisha kwa `gh auth status`. Ikikataa bado, angalia `git remote -v`. Anwani ikianza na `git@github.com`, repo hiyo inatumia SSH, na uchaguzi wako wa HTTPS hauibadilishi. Ibadilishe kwa `git remote set-url origin` ikifuatiwa na anwani ya HTTPS. Kosa la 403 linalotaja jina la akaunti nyingine lina maana kompyuta bado inatoa utambulisho wa zamani uliohifadhiwa. Kwenye Windows ufute ndani ya Credential Manager, kwenye Mac ndani ya Keychain. Kuna pia kosa linalowashangaza hata wazoefu: kila kitu kinapita isipokuwa mabadiliko ya faili zilizo ndani ya `.github/workflows`, folda ya kazi zinazojiendesha zenyewe kwenye GitHub. Tokeni haina ruhusa ya `workflow`. Iongeze kwa `gh auth refresh -s workflow`.

Baada ya hapo kazi huwa nyepesi. `gh repo create duka --private --source=. --push` hutengeneza repo ya siri kutoka folda uliyomo na kutuma msimbo mara moja, mradi uwe umeshahifadhi angalau rekodi moja ya mabadiliko kwa Git. `gh pr create --fill` hufungua ombi la kuunganisha kazi, na `gh pr checkout 12` huleta ombi namba 12 kwenye mashine yako ulijaribu. Mwenye bando dogo akitaka kunakili repo yenye historia ndefu aongeze `-- --depth=1` mwishoni mwa `gh repo clone`; itashuka hali ya sasa tu. Na faili inayozidi MB 100 itakataliwa hata tokeni ikiwa nzima, kwa hiyo usitafute kosa kwenye utambulisho.

Tokeni huhifadhiwa kwenye kabati la siri la mfumo wa kompyuta. Kama mfumo hauna kabati hilo, huandikwa wazi kwenye faili `~/.config/gh/hosts.yml`, na yeyote anayeweza kusoma faili hiyo anaweza kuitumia. Kwenye kompyuta ya kuazima, `gh auth logout` huiondoa kwenye mashine lakini haiibatilishi. Kuibatilisha, ingia kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya programu zilizoidhinishwa, uondoe GitHub CLI. Mashine zako nyingine ulizoingia kwa njia hiyo zitatolewa pia, nazo zitahitaji `gh auth login` upya.