Kuhariri faili za seva ya mbali: yanayodhaniwa na yalivyo

Anayesimamia seva iliyoko London akiwa Dar es Salaam halazimiki kushusha faili, kuihariri, kisha kuipandisha upya. Vihariri vingi (programu za kuandikia na kubadilisha faili) huifungua moja kwa moja kupitia SSH, itifaki ya kuunganisha kompyuta kwa njia iliyosimbwa, iliyobuniwa na Tatu Ylönen nchini Finland mwaka 1995 baada ya manenosiri kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake. Kihariri cha Emacs hufanya hivyo kwa nyongeza yake ya TRAMP, iliyoanza mwaka 1998. Vim hutumia netrw. VS Code ina Remote-SSH, iliyotoka mwaka 2019. Kwa macho zana hizi zinafanana, lakini kwa utendaji zinatofautiana sana, na dhana nyingi potofu huzuka pale mtumiaji asipojua ni kompyuta ipi inayofanya kazi gani.

"Kila ninachoandika kinaingia kwenye seva papo hapo."

Sivyo. TRAMP na netrw huleta nakala ya faili kwenye kompyuta yako, na seva haijui lolote mpaka uhifadhi. Hata kwa VS Code, ambayo huendesha programu yake upande wa seva, maandishi yasiyohifadhiwa bado hayajafika kwenye faili. Maana yake ni kwamba mwenzako anaweza kuibadilisha faili hiyo hiyo wakati wewe ungali unaandika. Emacs hulinganisha muda wa badiliko la mwisho na kukuonya kabla hujafuta kazi yake. Netrw huandika tu.

"Intaneti yenye kasi zaidi itaondoa uzito."

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu fedha bila faida. Faili ya mipangilio yenye kilobaiti chache haihitaji kifurushi kikubwa. Kinachochosha ni safari za kwenda na kurudi. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni takriban kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo swali moja na jibu lake haviwezi kuchukua chini ya milisekunde 75, na nyaya za baharini wala hazipiti njia iliyonyooka. Sasa, kihariri kinapofungua faili moja huuliza mengi: je, faili ipo, nani anaimiliki, je, iko chini ya Git (programu ya kutunza historia ya mabadiliko), je, folda hii au ile ya juu yake ina faili ya mipangilio ya mradi? Maswali 20 yanayosubiriana hufikisha sekunde moja na nusu kabla hujaona herufi hata moja, hata ukiwa na kifurushi cha bei kubwa kuliko vyote.

Dawa ni kupunguza maswali. Katika Emacs unaweza kuzima ukaguzi wa Git kwa faili za mbali, na katika mipangilio ya SSH unaweza kuwasha vipengele vya ControlMaster na ControlPersist ili muunganisho uliokwisha kufunguliwa utumike tena badala ya kuanza salamu upya. TRAMP yenyewe inalijua tatizo hili: hata ukichagua njia ya scp (amri ya kunakili faili kupitia SSH), faili isiyozidi baiti 10,240 huipitisha ndani ya sheli (programu inayopokea amri kwenye seva) iliyo wazi tayari, kwa sababu kufungua scp mpya kungechukua muda mrefu kuliko kuituma.

"Lazima kitu kisakinishwe kwenye seva."

Kwa TRAMP inatosha kuwa na sheli ya kawaida ya Unix. Kwa Remote-SSH dhana hii ni kweli: huweka programu yake kwenye folda ya .vscode-server, na tangu toleo 1.99 la mwaka 2025 seva zenye mifumo ya Linux ya zamani kama CentOS 7 hukataliwa.

"Faili za /etc zinahitaji niingie kama root."

Hazihitaji. Folda ya /etc hutunza mipangilio ya mfumo, na root ni mtumiaji mkuu mwenye mamlaka yote; kumruhusu aingie kwa SSH ni hatari isiyo na sababu. Katika Emacs andika /ssh:asha@seva|sudo:seva:/etc/hosts, nawe utaingia kama asha kisha sudo, amri inayompa mtumiaji wa kawaida mamlaka ya root kwa muda, itafanya kazi huko huko. Aliyekwisha ingia kwenye seva atumie sudoedit, ambayo humpa nakala ya muda na kuirudisha mahali pake amalizapo.

"Muunganisho ukikatika, kazi imepotea."

Nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 2024 na intaneti ya Tanzania kuzorota, aliyekuwa akihariri kwa TRAMP alibaki na maandishi yake kwenye kumbukumbu ya kompyuta yake, na angeweza kuyahifadhi kwa jina lingine hapo hapo. Aliyeingia kwa SSH na kufungua Vim kwenye seva naye kwa kawaida huachiwa faili ya .swp, ambamo Vim hutunza kazi isiyohifadhiwa, na amri ya vim -r huirejesha.

"SSH imesimba kila kitu, basi siri ziko salama."

SSH hulinda njia, si ncha zake. Kwa mipangilio ya kawaida Emacs hutunza nakala za dharura za faili za mbali kwenye folda ya muda ya kompyuta yako, hivyo nenosiri la hifadhidata ambalo kwenye seva husomwa na root pekee linaweza kukutwa kwenye laptopu. Tangu toleo la 28 huuliza kwanza ikiwa faili ni ya root. Wengi hujibu ndiyo bila kusoma. Kwa Remote-SSH hatari huweza kuja upande wa pili pia: Microsoft yenyewe huonya kwamba seva iliyovamiwa inaweza kuutumia muunganisho huo kuendesha amri kwenye kompyuta yako, kwa hiyo usiitumie kwa seva usiyoiamini.