Bado Mmoja: Jinsi Leni ya Kubebana Inavyohesabu Watu

Simama stejini Mwembe Tayari saa kumi na moja jioni. Matatu imejaa, injini inanguruma, abiria wanajipepea kwa magazeti, na makanga bado anaita: "Mmoja twende! Bado mmoja!" Gari haliondoki mpaka kichwa cha kumi na nne kipatikane. Katika darasa langu la sheria za barabara huanzia kwa makanga huyo kila ninapoulizwa habari za leni iliyotengewa magari yenye abiria kwenye barabara kuu za Marekani. Swali hilo huja mara nyingi. Mombasa ina wazazi wengi wenye watoto waliohamia California, Texas au Virginia, na mzazi akienda kuwatembelea hupewa funguo za gari kabla hata usingizi wa safari haujamtoka.

Sisi darasani twaiita leni ya kubebana. Aghalabu ni ile iliyopakana na ukuta wa katikati ya barabara. Wenzetu huendesha upande wa kulia, kwa hivyo leni hiyo huwa mkono wa kushoto kabisa, na dereva wa huku aliyezoea kwamba kushoto ndiko kwa mwendo wa pole aweza kujikuta ndani yake bila kujua. Utaitambua kwa alama nyeupe ya almasi iliyochorwa kwenye lami na kurudiwa kwenye vibao. Ukiiona almasi, angalia kiti cha pembeni yako. Kama hakina mtu, hapo si pako.

Ilianza kwa mabasi. Mwaka 1969, jimboni Virginia, barabara ya Shirley inayoingia Washington ilitengewa leni za mabasi peke yake. Mwaka 1973, mwaka uleule mafuta yalipoadimika duniani, magari madogo yakaruhusiwa kuingia, kwa sharti kwamba kila gari libebe watu wanne. Siku hizi sharti limelegezwa: mahali pengi ni wawili, na kwingine watatu, kama kwenye barabara ya Interstate 80 upande wa ghuba ya San Francisco. Dereva naye huhesabiwa. Idadi inayotakiwa huandikwa kwenye kibao, nacho ndicho cha kufuata, wala si maelezo ya binamu yako aliyeishi huko miaka kumi.

Hesabu yenyewe tuifanye pamoja. Leni moja ya barabara kuu, mambo yakiwa shwari, hupitisha kama magari 2,000 kwa saa. Kila gari likiwa na dereva wake tu, hao ni watu 2,000. Sasa itenge. Yapite magari 600 yenye watu watatu watatu, na mabasi 40 yenye abiria 40 kila moja. Hao ni 1,800 ukijumlisha na 1,600, yaani watu 3,400, na lami haijajaa hata nusu. Ndiyo sababu leni hii huonekana tupu, na utupu huo huwaudhi mno walio kwenye foleni pembeni. Huwaambia wanafunzi kwamba leni hii ikionekana imejaa imeshakufa, kwa kuwa aliyebeba wenzake hapati faida yoyote na kesho atakuja peke yake. Wamarekani wameliandika jambo hilo katika sheria ya taifa: jimbo likiruhusu magari ya ziada yaingie, ni lazima wastani wa mwendo katika leni usishuke chini ya maili 45 kwa saa, takriban kilomita 72, kwa asilimia 90 ya saa za msongamano.

Ni nani basi anayehesabika kuwa mtu? Hapa ndipo darasa huchangamka. Mtoto huhesabika, hata mchanga wa siku saba, mradi amefungwa kwenye kiti chake. Mimba haihesabiki California. Huko Texas, mwaka 2022, mama mjamzito aliyekuwa peke yake garini alipoandikiwa kosa alijitetea kwamba aliye tumboni ni abiria, na habari hiyo ikazunguka dunia nzima. Paka, mbwa na sanamu za dukani zilizovishwa kofia hazihesabiki. Mwanafunzi mmoja, dereva wa matatu ya Mikindani, aliniuliza, "Mwalimu, na maiti je?" Darasa likacheka, lakini swali hilo lilishaulizwa kwa dhati. Mwaka 2019, Nevada, askari alimsimamisha dereva wa gari la mazishi aliyekuwa katika leni hii, naye akauliza kama aliyelala nyuma hahesabiwi. Aliachiwa kwa onyo, akaambiwa atoke. Anayehesabiwa ni aliye hai, aliyekaa kwenye kiti, amefunga mkanda.

Hila hizi si ngeni kwetu. Nani hajapanda matatu akidhani imebakisha kiti kimoja, kisha wale vijana watano waliokuwa wamekaa kimya wakateremka mmoja mmoja kwenda kujaza gari la nyuma? Jakarta, Indonesia, mchezo huo uligeuka kazi kamili. Tangu 1992 baadhi ya barabara za jiji hilo zilikuwa na sheria ya watu watatu kwa gari saa za msongamano. Watu wakajipanga kando ya barabara, wakikodiwa na madereva walio peke yao ili watimize idadi. Kina mama waliobeba watoto walikuwa na soko zuri, maana walihesabiwa wawili. Mwaka 2016 serikali ikachoka, ikaifuta sheria. Wengi walitarajia kwamba sheria iliyochezewa hivyo haikuwa na kazi. Kumbe ilikuwa nayo. Watafiti walipopima mwendo wa magari kwa takwimu za ramani za simu, walikuta msongamano umezidi hata kwenye barabara ambazo hazikuwahi kuguswa na sheria hiyo. Mimi mwenyewe, kabla ya kuusoma utafiti huo, nilikuwa upande wa waliotaka ifutwe.

Saa hutofautiana. Kaskazini mwa California leni nyingi hutengwa asubuhi na jioni siku za kazi, na nje ya saa hizo yeyote huingia. Kusini, karibu Los Angeles, nyingi hutengwa mchana na usiku. Pikipiki huruhusiwa hata ikiwa na mtu mmoja. Gari linalokokota tela haliruhusiwi California, hata likiwa na ukoo mzima ndani. Magari ya umeme yalikuwa yakipita na dereva peke yake, lakini ruhusa hiyo ilikwisha tarehe 30 Septemba 2025, na bado nakutana na watu wanaopewa ushauri wa zamani.

Kuna leni nyingine zilizochanganya mambo mawili: aliyebeba wenzake hupita bure au kwa punguzo, aliye peke yake hulipa. California hutumia kidude cha kulipia kiitwacho FasTrak, kinachobandikwa kwenye kioo, na kimoja cha aina zake kina swichi ya moja, mbili na tatu. Dereva huiweka kwenye idadi ya watu waliomo kabla ya kuondoka. Ukiazimwa gari, uliza swichi iko wapi. Ukiwa peke yako nayo iko kwenye tatu, umedanganya hata kama hukukusudia, na barua ya faini itafika kwa mwenye gari, aliyekuazima kwa moyo mweupe.

Faini ya kuingia bila watu wa kutosha California haipungui dola 490. Kwa kima cha karibuni hizo ni zaidi ya shilingi 60,000 za Kenya.

Kitu kinachonivutia zaidi ni namna watu walivyojipanga wenyewe. Nje ya Washington, na miaka ya nyuma upande wa San Francisco vilevile, watu wasiojuana hupanga foleni asubuhi mahali panapojulikana. Dereva aliyepungukiwa na vichwa husimama, hutaja anakoelekea, wawili hupanda, safari. Virginia hapana nauli. Dereva amepata leni, abiria amepata usafiri, wamelipana. Ukitaka kulifanya hilo Mombasa, ukawabeba jirani zako wa Bamburi mpaka mjini, hakuna anayekukataza. Lakini ukianza kuwatoza nauli na gari lako halina leseni ya uchukuzi wa umma, umeingia kwenye kosa. Na siku ya ajali, kampuni ya bima itataka kujua kama walikuwa wageni wako au abiria wako.

Mombasa hatuna leni ya kubebana. Tunayo fikra yake, tena ya miaka mingi: kwenye feri ya Likoni mtu wa miguu hupita bure na gari hulipa, na kila mmoja ana mlango wake wa kupandia. Tatizo letu ni la kabla ya leni. Saa mbili asubuhi, foleni ikiwa imefunga kutoka Kongowea hadi Daraja la Nyali, wapo wanaopita kando juu ya njia ya waendao kwa miguu, ingawa kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 ziliweka faini ya shilingi 5,000 kwa kosa hilo. Jijini Nairobi mwaka 2018 walichora mstari mwekundu kwenye barabara ya Thika kwa ajili ya mabasi ya mwendo kasi. Rangi ilitangulia, mabasi yakabaki nyuma, na madereva wakajifunza kuikanyaga. Kama ningeulizwa, ningeanza na matatu na mabasi tu, asubuhi tu, darajani Nyali. Matatu huijua ukiwa mbali. Kuhesabu vichwa nyuma ya vioo vyeusi vya magari ya binafsi ni kazi ambayo nisingempa askari yeyote akiwa amesimama juani.

Kwa anayesafiri kwenda Marekani wiki hii, la kushika ni mistari. Mistari miwili meupe isiyokatika kando ya leni ni ukuta. Huingii wala hutoki mpaka ufike ilipokatika vipande vipande. Ukijikuta ndani kwa makosa, uko peke yako na almasi imeshapita chini ya gurudumu, usiikate mistari kwa hofu. Leni ya pembeni ina magari yanayotambaa na wewe unakwenda kasi. Ajali mbaya hutokea hapo. Baki kwenye leni, washa taa ya kulia unapokaribia pengo, angalia kioo, geuza shingo, kisha toka.